Tabia haina dawa? Wasiwasi wa maradhi kwa wenye haiba ngumu

Mtu aliyeshikwa na hofu ya ugonjwa wa moyo haiachi shingo yake ipumzike. Vidole viwili vinapanda penye mshipa, vinahesabu, vinashuka, na kabla chai haijapoa vimepanda tena. Akipimwa umeme wa moyo na kuambiwa "huna kitu", anatoka hospitali mwepesi, na wepesi huo unamchukua siku mbili, pengine wiki nzima. Halafu swali linarudi: na kama mashine ilikuwa mbovu? Na kama yule daktari alikuwa na haraka? Safari inaanza upya, kwa daktari mwingine, kwa kipimo kikubwa zaidi. Hali hii ndiyo wasiwasi wa maradhi, na aliye nayo hajisingizii. Moyo unamdunda kweli na kifua kinambana kweli. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Uingereza, Paul Salkovskis na Hilary Warwick, walieleza jambo ambalo kila mwenye ndugu wa namna hii huwa amelihisi: kumwambia "usijali, uko salama" kila anapouliza ndiko kunakoilisha hofu yake. Ni maji ya bahari kwa mwenye kiu.

Kutokana na hoja hiyo ilijengwa tiba ya fikra na mienendo inayoilenga hofu yenyewe, na mtu asidhani ni mawaidha. Katika kikao kimoja mgonjwa anaweza kuombwa aelekeze mawazo yake yote kooni kwa dakika moja, asifanye kingine. Dakika haijaisha, koo limeanza kuwasha, mate yanamezwa kwa taabu, pengine anahisi kitu kimekwama. Hakuna kilichoingia, kilichoongezeka ni kuliangalia tu. Siku nyingine atachora duara kama chapati, aligawe kwa sababu zote zinazoweza kumuumiza mtu kichwa: usingizi mchache, njaa, jua kali, miwani ya zamani, mafua, ugomvi wa nyumbani. Uvimbe wa ubongo unawekwa mwisho, na kipande kinachousalia hakimshibishi hata mtoto. Nyumbani anaandika ni mara ngapi kwa siku ameigusa shingo au kuuliza "hivi sijakonda?", kisha anapunguza kidogo kidogo, ajionee mwenyewe kinachotokea asipouliza.

Mpaka hapo ubishi ni mdogo. Unaanza pale mgonjwa anapokuwa pia na tatizo la haiba. Neno lenyewe linatutega, kwa kuwa kwetu mwenye haiba ni mtu anayependeza. Wataalamu wanalitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na hulka: namna mtu alivyozoea kujiona, kuwaona wenzake na kuishi nao, miaka nenda miaka rudi. Namna hiyo ikimkosanisha na watu kila aendako, au ikimfanya asiweze kuamua lolote bila kushikwa mkono, ndipo linapoitwa tatizo. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 1980 uliyaweka matatizo haya kwenye safu ya peke yake. Nia ilikuwa yasisahauliwe, lakini kliniki nyingi zilijifunza kuisoma safu hiyo kama onyo kwamba mgonjwa huyu atakusumbua na hatapona. Ni msemo wetu wa "tabia haina dawa", umevaa koti jeupe.

Ushahidi unaoutikisa msemo huo ulitoka kwenye kliniki za kawaida za hospitali za Uingereza. Peter Tyrer wa Imperial College London na wenzake waliwachuja wagonjwa 28,991 waliofika kliniki za moyo, homoni, tumbo, mishipa ya fahamu na kifua, hatimaye wakaingiza katika jaribio watu 444 wenye wasiwasi mkubwa wa maradhi. Kwa bahati nasibu, 219 walipangiwa vikao vya tiba, kwa kawaida kati ya vitano na kumi, na 225 wakaendelea na huduma ya siku zote. Matokeo yaliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2014 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja hofu ilikuwa imepungua zaidi kwa waliopewa tiba; waliorudi kwenye kiwango cha kawaida walikuwa asilimia 13.9, dhidi ya 7.3 upande wa pili. Walipofuatiliwa hadi miaka mitano, nafuu ilikuwa bado ipo.

Mwaka 2016 kundi hilohilo lilichapisha uchambuzi ulionifanya niandike makala hii. Kati ya wagonjwa wale 444, watu 381, yaani asilimia 86, walikuwa na ugumu fulani wa haiba, na 184 kati yao walifikia kiwango cha kuitwa wenye tatizo. Kwa mazoea ya kliniki, hao ndio wangetarajiwa kuiangusha tiba. Ikawa kinyume: wenye ugumu wa haiba, kuanzia mdogo hadi mkubwa, walinufaika kuliko wenzao wasiopewa tiba, na manufaa yakadumu miaka miwili. Wasioonekana kunufaika ni wale ambao haiba yao haikuwa na kasoro yoyote. Mimi nalielewa hivi: kwa mtu wa hulka tulivu, hofu ya maradhi huja kama mgeni, pengine baada ya msiba au homa kali, na mara nyingi huondoka hata asipotimuliwa. Kwa mwenye hulka ya wasiwasi, hofu ni mpangaji wa siku nyingi. Muda pekee haumtoi, kwa hiyo tiba inakuta kazi ya kufanya.

Msomaji makini atasema hesabu hizi ni nyepesi, na ana haki. Ukitoa 381 kwenye 444 wanabaki 63, na hao 63 wamegawanywa tena mafungu mawili. Kundi dogo hivyo halitoshi kutangaza kwamba watu wa haiba timamu hawafaidiki na tiba, na mimi sitangazi. Tena Tyrer ndiye aliyeongoza kikundi kilichoandika upya sura ya matatizo ya haiba katika mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ule wa 11, ulioanza kutumika mwaka 2022 na unaoyapanga matatizo hayo kwa uzito, kutoka hafifu hadi makali, badala ya majina mengi ya zamani. Mtu mwenye mpango wake huwa na hamu ya kuuona ukifanya kazi. Hata hivyo hoja yangu haisimami juu ya wale 63. Inasimama juu ya wale 381, ambao ndio wengi, na ambao kwa desturi wangeandikiwa kwenye faili kwamba hawafai. Pengo la asilimia 13.9 na 7.3 nalo si la kupigiwa vigelegele, lakini hawa ni watu waliokuwa wakizunguka hospitali bila tumaini, na tiba yenyewe ilikuwa vikao vichache tu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwani haiba zao zilibadilika? Hakuna anayedai hivyo. Kilichotibiwa ni hofu, na wala haikuwa lazima haiba igeuke kwanza ndipo hofu ipungue. Anayepanga foleni ya matibabu kwa kusema "mtengenezeni hulka kwanza" anaweka sharti ambalo ushahidi hauliombi. Na hata hiyo hulka si jiwe. Huko Marekani, Mary Zanarini na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 290 waliolazwa wakiwa na tatizo la haiba lijulikanalo kama la mpakani, ambapo hisia hupanda na kushuka kwa ghafla na mtu huweza kujidhuru. Katika miaka kumi, asilimia 93 walipitia kipindi cha angalau miaka miwili bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Waliorudi pia kwenye kazi na mahusiano ya kuridhisha walikuwa nusu tu, na tofauti ya takwimu hizo mbili inaumiza. Lakini hiyo si picha ya kitu kisicho na dawa.

Wapo pia wanaohofia kwamba ukimfundisha mgonjwa kutokimbilia vipimo, siku moja atakufa na ugonjwa wa kweli. Katika jaribio la Uingereza vifo na madhara makubwa vilikaribiana pande zote mbili. Tena wagonjwa wale walikuwa tayari mikononi mwa madaktari wa kliniki zao, na tiba haikumkataza yeyote kuchunguzwa anapostahili. Ilimpunguzia uchunguzi wa kumi na moja wa jambo lilelile. Hatari iko zaidi upande wa kupuuza. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwisho wa mwaka 2023, uliowalinganisha watu 4,129 waliotambuliwa kuwa na hofu kali ya maradhi na wenzao wasio nayo, ulikuta kwamba wenye hofu hiyo walikufa mapema kwa wastani wa miaka mitano, na hatari ya kujiua kwao ilikuwa mara nne. Anayemcheka jirani yake kwa kuwa "anaumwa kila ugonjwa unaotajwa redioni" angefaa ayasikie hayo.

Yabaki ya gharama. Kwa wenye matatizo ya haiba ya kati na makali, gharama za waliopewa tiba zilielekea kuzidi za wasiopewa, ingawa tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Anayewahudumia ajue huenda akatumia zaidi. Kinachopunguza uzito ni swali la nani anayetibu. Miongoni mwa waliofundishwa kutoa tiba hii, walioleta nafuu kubwa zaidi walikuwa wauguzi wa hospitali, watu ambao hawakuanza kama wabobezi wa saikolojia. Sioni ajabu. Mgonjwa wa namna hii akipelekwa kwa mtaalamu wa akili anasikia neno moja tu, kwamba wanamwona mwongo. Muuguzi wa kliniki ya moyo amekwisha kuona mapigo ya kuruka yasiyo na madhara mamia ya mara, na anajua pia yale ya kutisha yanavyokuwa. Akimwambia mgonjwa leo asiiguse shingo mpaka baada ya chakula cha jioni, mgonjwa anajua anaambiwa na mtu anayeujua moyo.