Mali ya Yatima Ndani ya Mchezo wa Watoto

Wazazi wengi hujiuliza iwapo yafaa kumwachia mtoto mchezo wa video uliojaa misiba na hila. Swali hili halijibiki kwa jumla. Ni bora kuuchukua mchezo mmoja na kuupima. Tumeuchagua ule wa Lemony Snicket's A Series of Unfortunate Events, uliotolewa na kampuni ya Activision mwaka 2004, pamoja na filamu yenye jina hilo hilo.

Asili yake ni vitabu 13 vya mwandishi wa Marekani, Daniel Handler, ajiitaye Lemony Snicket, vilivyochapishwa baina ya 1999 na 2006. Ni vitabu vya watoto, lakini mzaha wake umechanganyika na huzuni: mwandishi humwonya msomaji kwamba humu hamna furaha, na heri atafute kitabu kingine. Violet, Klaus na mdogo wao Sunny wamefiwa na wazazi kwa moto ulioteketeza nyumba yao. Mali waliyoachiwa yahifadhiwa hadi Violet, aliye na miaka 14, afikie utu uzima. Wakabidhiwa jamaa aitwaye Count Olaf, ambaye haja yake si watoto bali ni fedha.

Katika toleo la Game Boy Advance, kifaa kidogo cha mkononi, mchezaji huwaona watoto kwa ubavu, mandhari ikisogea kadiri wanavyokwenda. Violet ni hodari wa kuunda zana, Klaus ni msomaji, na Sunny, mtoto mchanga, ana meno makali. Hakuna mmoja wao atoshaye peke yake, na hilo ni funzo jema kwa ndugu.

Lakini kiini cha kisa ni kizito zaidi. Count Olaf apanga kumwoa Violet kwa hila, ndani ya mchezo wa jukwaani, ili aitwae mali. Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Bi Aisha, Allah amridhie, alieleza kuwa aya ya 3 ya Surat An-Nisaa iliwahusu walezi waliotaka kuwaoa mayatima kwa ajili ya mali zao bila kuwatimizia haki ya mahari. Aya ya 6 yaamuru wapewe mali yao wakishapevuka na kuonekana wana busara, tena mbele ya mashahidi. Aya ya 10 yatuonya kwamba alaye mali ya yatima kwa dhulma ala moto tumboni mwake.

Liko jambo la pili. Watoto hawa wamweleza Mr. Poe, mtu wa benki aliyesimamia mambo yao, kuhusu ubaya wa mlezi, naye hawasikilizi. Count Olaf hufaulu kwa sababu ya watu wazima wasio waovu, ila wameziba masikio. Basi mtoto aliyefiwa akikwambia kwamba nyumba aliyopelekwa ana dhiki, usimnyamazishe kwa kumwambia amheshimu ami yake. Msikilize, kisha chunguza.

Rai yetu ni hii: mtoto mdogo mno, au aliyepatwa na msiba karibuni, asipewe mchezo huu. Aliyekwisha kupambanukiwa na mambo aucheze kwa kiasi, bila kupitwa na Swala, na mzazi awe karibu. Muulizeni: ni nani hapa aliyedhulumu haki, na ni nani aliyepaswa kusikiliza?

Nanyi mlio na mirathi ya mayatima mikononi, iandikeni, shuhudizeni, na mkihitilafiana nendeni Mahakama ya Kadhi mapema, kabla watoto hawajakua wakaikuta imekwisha. Allah atujaalie tuwe walezi waaminifu. Amin.