Dirisha la pili huko Tanzania: viti vinatoka wapi?

Baba mmoja mchimbaji wa Kolwezi alikuja kutuona, simu mkononi. Kijana wake alipata Exétat vizuri, na shangazi yake anayekaa Dar es Salaam alimwambia aombe iniversite huko. Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Kisha komisioneri mmoja akapiga simu: « Papa, place zilikwisha, lakini kuko deuxième tour. Tuma dola mia tatu, miye nitaingiza mutoto. » Baba akatuuliza: « Bandugu, ile tour ya pili iko kweli, ao ni wizi? »

Tulimjibu: yote mawili. Dirisha la pili liko kweli. Anayeliuza ndiye mwizi.

Huku kwetu mtoto anabeba karatasi zake, anaenda kwenye fakilte, anajiandikisha. Kule Tanzania kuna Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inayopanga tarehe za kufungua na kufunga maombi. Muda huo wanauita dirisha. Zamani TCU yenyewe ilipokea maombi yote na kugawa watu. Tangu 2017 mwanafunzi anaomba kwa kila chuo mwenyewe, kwa intaneti. Basi mtoto mmoja anaweza kuomba vyuo vitatu, vine, kwa mara moja, na akiwa na pointi nzuri vyote vinamchagua.

Lakini mtu mmoja hakai kwenye viti vitatu. Kwa hiyo anayechaguliwa mahali pengi anapaswa kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyoandika katika ombi lake. Akithibitisha Dodoma, viti vyake vya Dar na Mbeya vinabaki wazi. Ongeza wale wasiothibitisha kabisa, na masomo ambayo watu wachache waliyaomba, maana kila somo lina hesabu ya viti iliyopangwa. Viti hivyo ndivyo vinavyotangazwa tena katika dirisha la pili, na miaka mingine hata la tatu. Wachimbaji mnajua: mtu akihamia shimo lingine, la kwanza halifukiwi, mwingine anashuka.

Sasa angalieni ile simu. Komisioneri akijaza ombi, mara nyingi anaandika namba yake, si ya mtoto. Namba ya siri inaingia kwake! Hata mtoto akichaguliwa kwa haki yake mwenyewe, mtu huyo anashika ufunguo, anaanza kuomba makuta. Bazazi, ombi liwe na namba ya mtoto ao ya kwenu.

Na kitu ambacho komisioneri hatasema: kiti kikiwa wazi, sharti halishuki. Kwa masomo mengi wanataka masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4.0, na wanahesabu hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Ni kusema, kwa mfano, D mbili. Kwa udaktari wanataka fizikia, kemia na biolojia zote tatu, pointi 6 angalau, na viti vyake vinajaa mbio. Mtoto asiyefika hapo, hata dirisha la kumi halitamsaidia.

Lakini diplome yetu ina asilimia, yao ina herufi. Nani anageuza? Ni Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, ndilo linatoa karatasi ya ulinganifu. Bila karatasi hiyo chuo hakiwezi kuhesabu pointi za mtoto wa Kongo. Tulimwuliza baba kama kijana anayo. Akanyamaza. Tukasoma pamoja ujumbe wa chuo katika simu yake: hawakuandika kwamba viti vimekwisha, waliandika kwamba ombi halina ulinganifu. Komisioneri aliusoma ujumbe huohuo, maana yeye ndiye alimtumia baba.

Kwa hiyo kazi ya dirisha la pili inaanza mbele ya dirisha la kwanza. Dirisha la pili ni fupi, na karatasi hazitembei kwa haraka. Kama diplome yenyewe haijatoka, ulizeni mapema chuo kinapokea nini kwa muda huu.

Tuseme na hili, hata kama halifurahishi. Wengi wanafikiri kule wanafundisha kwa Kiswahili, basi mtoto wetu ataelewa tu. Hapana, iniversite za Tanzania zinafundisha kwa Kiingereza. Na mkopo wa serikali, ule wa HESLB, ni wa raia wao. Mtoto wetu atalipa mwenyewe. Kwa anayetaka kazi ya baba yake, Dar es Salaam na Dodoma wanafundisha uinjinia wa madini. Lakini UNILU pia inayafundisha, hapa Lubumbashi, kwa Kifaransa. Fanyeni hesabu kwanza nyumbani.

Baba yule hakutuma dola mia tatu. Alimpigia shangazi simu mbele yetu, akamwambia aulize NECTA. Kisha akatuuliza kama tunamjua mtu anayeweza kutafsiri bulletins kwa Kiingereza, na kwa bei gani.