Uhandisi wa Baridi: Elimu ya Kuhamisha Joto

Utangulizi

Maji ya mtungini huwa baridi hata pale jua la Mombasa linapochoma utosi. Mtungi hauna umeme wala injini. Una vinyweleo tu. Maji kidogo hupenya udongoni, yakafika upande wa nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto uliloliteka kutoka kwa maji yaliyosalia ndani. Gramu 1 ya maji igeukapo mvuke hubeba joto linalotosha kupunguza nyuzi 1 ya Selsiasi katika zaidi ya nusu kilo ya maji. Hilo ndilo joto fiche.

Kanuni iliyomo mtungini ndiyo msingi wa taaluma ya upozaji, uingizaji hewa na viyoyozi. Makala haya yanaeleza anachojifunza mwanafunzi wa taaluma hiyo chuoni. Kiini chake ni kimoja: hakuna mtambo unaotengeneza baridi. Mtambo huhamisha joto kutoka mahali pamoja hadi pengine, na kila uhamisho una gharama ambayo sharti mtu ailipe.

Nafasi ya Taaluma Hii Chuoni

Nchini Kenya, somo hili kwa kawaida hufundishwa ndani ya shahada ya uhandisi wa mitambo, ambayo huchukua miaka mitano. Mwanafunzi huanza na hisabati, fizikia na uchoraji wa kihandisi. Baadaye huingia katika thamodinamiki, mwendo wa viowevu na gesi, na usafiri wa joto. Ni baada ya kuupanda mlima huo ndipo anapokutana na jokofu lenyewe.

Wapo wanaouliza: ya nini safari ndefu hivyo, ilhali fundi wa mtaani hulitengeneza friji kwa saa moja? Kazi ya fundi ni ya heshima, na mhandisi asiyemsikiliza fundi hupotea. Hata hivyo, maswali yao ni tofauti. Fundi huulizwa kwa nini mtambo huu umeharibika. Mhandisi huulizwa mtambo uwe mkubwa kiasi gani, utumie gesi gani, utakula umeme kiasi gani kwa miaka ishirini, na iwapo unahitajika hata kidogo.

Safari ya Joto

Mtambo wa kawaida wa kupoza una sehemu kuu nne. Katika mabomba ya ndani, gesi ya kupozea ikiwa katika hali ya kiowevu huchemka kwa shinikizo dogo na kuvuta joto la chakula, kama afanyavyo mtungi. Kompresa huukandamiza mvuke huo hadi ukawa moto kuliko hewa ya chumbani. Katika mabomba ya nyuma, mvuke hulitoa joto hilo nje na kurudi kuwa kiowevu. Hatimaye vali nyembamba hupunguza shinikizo, nacho kiowevu hupoa na kuanza safari upya.

Walimu hupenda kuwapima wanafunzi kwa swali hili: je, mlango wa jokofu ukiachwa wazi katika jiko lililofungwa, jiko litapoa? Asiyesoma hujibu kwamba litapoa. Ukweli ni kwamba litapata joto. Joto linalovutwa mbele hurudishwa chumbani kwa nyuma, pamoja na joto la umeme uliotumika.

Gharama hiyo ina ukomo wake, ambao msingi wake uliwekwa mwaka 1824 na Mfaransa Sadi Carnot. Mathalani, jokofu la nyuzi 4 likiwa katika chumba cha nyuzi 32, kila kipimo kimoja cha umeme hakiwezi kuhamisha zaidi ya vipimo 10 hivi vya joto. Katika chumba cha nyuzi 22, ukomo hupanda hadi 15. Mitambo halisi haifiki karibu na ukomo huo, lakini funzo ni bayana: jokofu lile lile hutoka jasho zaidi Mombasa kuliko Nairobi.

Hewa na Unyevu

Kiyoyozi nacho hakishughuliki na joto pekee. Mwaka 1902, Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, ambako unyevu ulifanya karatasi zivimbe na kusinyaa, rangi zikakosa kulingana. Alichotakiwa kudhibiti hasa ni unyevu wa hewa. Mwanafunzi wa leo hufunzwa kusoma chati inayohusisha joto la hewa na unyevu wake, kwa maana mwili wa binadamu hupoa kwa jasho, na jasho halikauki katika hewa iliyoshiba maji.

Gesi na Dhamana ya Mhandisi

Historia ya gesi za kupozea ni onyo kwa kila mwanataaluma. Gesi za mwanzo, kama vile amonia, zilikuwa na sumu. Mwaka 1928, Thomas Midgley na wenzake walipata gesi zisizowaka wala kudhuru pumzi, nazo zikapokelewa kwa shangwe. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo zinaweza kuuharibu ukanda wa ozoni. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini mwaka 1987, na sekretarieti yake ina makao jijini Nairobi.

Gesi zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, lakini nyingi hupasha dunia joto. Kilo 1 ya gesi iitwayo R-134a hudhuru tabianchi zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dioksaidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 mataifa yalikubaliana jijini Kigali kuzipunguza. Mbadala zipo, ila kila moja ina kasoro: propani huwaka, amonia ni sumu, nayo kaboni dioksaidi huhitaji shinikizo kubwa mno. Anayefungua bomba na kuiachilia gesi hewani huwatwika watu asiowajua gharama yake.

Umuhimu Wake kwa Jamii

Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi, huharibika. Baridi ikizidi nayo, chanjo kama ile ya pepopunda hupoteza nguvu baada ya kuganda. Aliyechanjwa kwa dawa iliyoharibika hatambui. Hurudi nyumbani akiamini amekingwa. Hali kadhalika, samaki wa mvuvi asiye na barafu huuzwa kwa bei ya mnunuzi, kwa kuwa muda uko upande wa mnunuzi.

Aidha, hekima ya taaluma hii ni kujua pale mtambo usipohitajika. Nyumba kongwe za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na ua wa ndani unaopitisha hewa. Waliozijenga walilizuia joto lisiingie kabla ya kufikiria namna ya kulitoa. Mhandisi anayeanza na kivuli, dirisha na upepo, kisha akamalizia na mtambo mdogo, amesoma vyema kuliko anayeanza na mtambo mkubwa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mwanafunzi wa uhandisi wa baridi hujifunza uhasibu wa joto: limetoka wapi, linakwenda wapi, na nani anayelipa. Taifa lenye jua kali, wavuvi, wakulima na watoto wanaosubiri chanjo linawahitaji wahasibu wa namna hiyo. Mali bila daftari, wahenga walinena, hupotea bila habari. Na joto nalo lina daftari lake.