Injini Ngeni, Plagi Isiyo na Moto

Kwenye njia za Rongo hadi Homa Bay, na zile zinazoteremka kutoka Migori kuelekea Muhuru, injini ya bodaboda huchakazwa na mizigo kabla miaka haijaifikia. Ikianza kula oili na kutoa moshi, mwenyewe hupiga hesabu mbili: gharama ya kuifungua yote na kuweka pistoni na ringi mpya, au bei ya injini nzima iliyokwisha kutumika. Wengi huchagua ya pili. Bolti zinaingia, mnyororo unakaa, kiki inapigwa mpaka mguu unachoka, lakini plagi ikishikizwa kwenye kichwa cha silinda haitoi hata cheche moja. Hapo ndipo ununuzi unapoanza: CDI mpya (kile kisanduku kinachoamuru moto), kisha koili, kisha plagi, na jua linatua moto haujapatikana. Nadhani fedha hizo hutafuta kosa mahali lisipokuwa. Pikipiki iliyopoteza moto siku ile ile ilipobadilishiwa injini mara nyingi haina kifaa kilichokufa. Ina vifaa vizima visivyoelewana, au waya uliosahaulika.

Ushahidi wa kwanza ni wa kawaida kabisa. CDI iliyo chini ya tangi, koili, swichi ya ufunguo na betri vilikuwa vikifanya kazi jana kabla injini haijashushwa. Injini nayo, ikiwa muuzaji hakudanganya, iliwaka kwenye pikipiki nyingine. Kilicho kipya ni makutano yao tu: zile nyaya chache zinazotoka kwenye kifuniko cha magneti na kuingia kwenye soketi ya fremu. Ndani ya kifuniko hicho magneti huzunguka pamoja na krenki ya injini, na kando yake kuna pikapu, koili ndogo inayoiambia CDI ni wakati gani pistoni iko mahali pa kupigiwa cheche. CDI hukusanya umeme kwenye kapasita, kisha huumwaga wote kwa mpigo ndani ya koili, nayo koili huupandisha hadi maelfu ya volti ili uruke pengo la plagi. Kiungo kimoja kikikosekana, hakuna moto dhaifu wala moto wa kubahatisha. Hakuna kitu.

Sasa, CDI hupata wapi umeme wa kukusanya? Hapa ndipo panapowapotezea mafundi siku nzima, kwa sababu kuna CDI za aina mbili na kwa nje hazitofautiani sana. Mafundi huziita AC na DC. Ya AC hulishwa na koili maalumu iliyo nyuma ya magneti, kwa hiyo pikipiki yake huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Ya DC haihitaji koili hiyo. Huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha yenyewe. Chukua fremu yenye CDI ya AC, uifungie injini iliyotengenezwa kwa mfumo wa DC. Injini hiyo haina koili ya kulisha CDI, haikuwahi kuwa nayo. Unaweza kununua CDI tano za AC na zote zitanyamaza, kila moja ikiwa nzima. Jambo hili lina uzito wake katika kaunti ya Migori, iliyopakana na Tanzania, kwani ng'ambo ya Isebania, upande wa Sirari na kuendelea, zimeenea pikipiki za Kichina kama SanLG na Toyo, huku upande huu Boxer ya Bajaj na TVS zikitawala stendi. Injini ya upande mmoja inaweza kuingia kwenye fremu ya upande wa pili kwa kuchomelea kidogo. Umeme wake hauchomelewi.

Rangi za nyaya nazo si za kuaminiwa. Katika mpangilio wa Honda, uliofuatwa na pikipiki nyingi za Kichina, waya mweusi wenye mstari wa njano hutoka kwenye CDI kwenda kwenye koili, na kijani ndiyo arthi. Kwenye Bajaj, mweusi wenye mstari wa njano ni arthi. Fundi anayeunganisha rangi kwa rangi, kazi safi yenye tepu nadhifu, huwa ameumwaga moto wote kwenye bodi. Swichi ya kuzimia pia ina tabia mbili: kwa AC, waya wake ukigusa bodi moto hukatika, kwa DC, swichi hukata volti 12 zisifike. Kwa hiyo jaribio la kwanza kwenye CDI ya AC halina gharama yoyote. Chomoa waya wa kuzimia, piga kiki. Cheche zikija, CDI haina neno, tafuta kwenye swichi. Na kabla ya hapo, tazama waya wa arthi uliofungwa juu ya rangi mbichi au kutu, au ulioachwa ukining'inia, jambo linalotokea mara nyingi kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Atasema mtu kwamba injini ya mtumba haina dhamana. Huenda ilikaa mvuani na koili zake zimeoza. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuipima kabla ya kuifunga. Pikapu nzima kwa kawaida husoma ohm mia moja na kitu hadi mia mbili na kitu, na koili ya kulisha CDI ya AC husoma ohm mia kadhaa. Ingawa muundo hutofautiana, sifuri au mita isiyosoma kabisa ni jibu la wazi. Muuzaji asiyekubali kupimiwa soketi amekwisha kukujibu. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fundi mwenyewe: hana mita, mteja halipii kutazama bali hulipia kufunga, na kuazima CDI ya mwenzake stendini ni haraka kuliko kufuata nyaya. Sibishani na kuazima. CDI inayojulikana kuwa nzima, ya aina ile ile, ni kipimo halali. Ikiwa ya aina nyingine itatoa hukumu ya uongo, na inaweza kuungua ikipewa umeme usio wake. Ama mita, ile ndogo ya dijitali ni miongoni mwa vifaa rahisi kabisa dukani, na hata balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili huonyesha kama volti 12 zinafika kwenye soketi na kama arthi inashika. Hilo la mteja kukataa kulipia uchunguzi ni gumu kweli, na halitaisha mradi risiti ya CDI inaonekana na saa mbili za kufuata waya hazionekani.

Kwenye gari kama Probox mantiki ni hiyo hiyo, ila makutano ni mengi. Injini ya 1NZ-FE ina koili nne, kila moja juu ya plagi yake na kila moja na nyaya nne: umeme, arthi, amri kutoka kwenye kompyuta, na jibu la kurudi kwamba moto umepigwa. Kompyuta isipopata ishara ya sensa kwamba krenki inazunguka haitoi amri, kwa hiyo koili zote nne hunyamaza pamoja. Hilo pekee latosha kukuzuia usinunue koili, kwani koili nne hazifi asubuhi moja. Gari likiwa na kinga ya wizi inayosoma ufunguo, kompyuta iliyokuja na injini nyingine haitautambua ufunguo wako, hata kila waya uwe mahali pake.

Tukirudi kwenye bodaboda, moto ukishapatikana kazi inaweza kuwa haijaisha. Nyaya mbili za pikapu zikigeuzwa, kwenye mifumo mingi cheche huja, nzuri na ya buluu, ila kwa wakati usio wake: kiki inarudi kwa nguvu mguuni au injini inapiga risasi kwenye ekzosi. Badilisha nafasi za nyaya hizo kabla hujaigusa kabureta. Kisha kuna namba ya injini, ambayo sasa hailingani na ile iliyo kwenye logibuku. Mabadiliko hayo huandikishwa kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, na heri yaandikishwe kabla askari wa kizuizini hajainama kuisoma.