"Baadhi ya maeneo" ni wapi?

Shemeji yangu ni mzaliwa wa Tarime ambaye sasa anaishi mjini Winnipeg, nchini Kanada. Hivi karibuni alinipigia simu siku ya Jumatano kunieleza kwamba Ijumaa jioni dhoruba ya theluji itaingia mjini kwao, kwamba shule huenda zikafungwa, na kwamba yeye amekwisha nunua mkate, maziwa na chumvi ya kumwaga mlangoni. Ijumaa jioni ikaingia kweli. Akapiga tena, safari hii kwa ile sauti ya watu waliokaa ughaibuni: "Huko nyumbani mama akianika muhogo uani, mbona redio inamwambia tu kwamba kutakuwa na mvua za ngurumo katika baadhi ya maeneo? Baadhi ya maeneo ni wapi?"

Swali ni la haki, na lawama kwa wataalamu wetu nimezisikia mara nyingi, hata kwenye basi la kwenda Sirari. Lakini jibu lake si uzembe. Dhoruba ya Kanada na mvua ya mawe ya Tarime ni vitu viwili tofauti kabisa.

Dhoruba ile huzaliwa pale hewa ya baridi kali kutoka Aktiki inapokutana na hewa ya vuguvugu kutoka kusini. Upana wake waweza kufika kilomita elfu moja na zaidi. Huvuka nyika za Alberta, Saskatchewan na Manitoba kama treni iliyo kwenye reli: kila kituo inachopita hupima na kupeleka habari mbele, na kompyuta huweza kuifuatilia siku tatu au nne kabla. Mtu wa Winnipeg huambiwa habari za kitu ambacho tayari kipo.

Sasa njoo kwetu. Wingu linaloteremsha mawe Nyamwaga saa tisa alasiri, asubuhi ya siku hiyo halikuwapo popote duniani. Huzaliwa baada ya chakula cha mchana na kufa kabla ya chakula cha usiku, na upana wake mara nyingi ni kilomita kumi hivi. Mzazi wake ni Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo hutoka ziwani na kupanda kuelekea mashariki. Huko hukutana na upepo unaotoka mashariki kupitia mbuga za Serengeti. Pepo mbili zikigongana juu ya vilima, hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, na wingu huweza kufika kilomita kumi na mbili au zaidi angani. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji, ndiyo maana mvuvi wa Musoma huogopa alfajiri wakati mkulima wa Tarime huogopa alasiri.

Na kwa nini mawe? Katika ukanda wetu wa ikweta maji angani huanza kuganda kwenye kimo cha takriban kilomita tano. Tarime iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo barafu inayoanguka haipati safari ndefu ya kuyeyukia. Majirani zetu wa Kericho na Nandi Hills, ng'ambo ya mpaka, wanaijua adha hii vizuri. Mashamba yao ya chai ni maarufu duniani kwa wingi wa mvua ya mawe.

Mtabiri basi yuko kama mama anayepika uji. Anajua utachemka, anajua hata saa. Lakini povu la kwanza litaruka upande gani wa sufuria? Hapo hata kompyuta kubwa hushindwa. Asubuhi anaweza kusema kwamba leo Tarime na Serengeti zina hatari. Kusema ni Nyamongo wala si Mugumu, hilo huwezekana saa moja au mbili tu kabla, wingu likiwa limekwisha simama na rada imeliona.

Rada tunayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisimika moja Kiseke, Mwanza. Ila kutoka hapo hadi Tarime ni kama kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa dunia ni mviringo, mwali wa rada ukifika Tarime huwa umepanda kilomita kadhaa juu ya mapaa. Huona kichwa cha wingu, miguu hauioni. Aidha, vituo vya kurusha maputo ya kupima hewa ya juu ni vichache mno Afrika Mashariki nzima. Hapa ndipo mimi ningeelekeza lawama, kama ni lazima ilaumiwe: kwenye mifuko, si kwenye vichwa vya watabiri.

Kuna jambo jingine linalofanya mvua zetu zigawanyike. Pembe ya kusini mashariki ya Serengeti, iliyojificha nyuma ya milima ya Ngorongoro, hupata kama milimita 500 za mvua kwa mwaka. Kaskazini magharibi, karibu na ziwa, hupita 1,000. Nyumbu hawana redio, lakini hesabu hiyo wanaijua kwa miguu.

Tukirudi kwenye taarifa zenyewe, maneno yake yana ngazi. "Angalizo" ni la chini, "tahadhari" linafuata, "tahadhari kubwa" ndilo la juu kabisa. Wakisema mvua kubwa, wana maana ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Paa la bati la mita za mraba ishirini tu, mvua hiyo hulimwagia lita elfu moja, yaani madumu hamsini yale ya lita ishirini. Piga hesabu ya mteremko mzima wa kilima, uone kinachofika bondeni.

Lakini kinachoua haraka zaidi ni radi. Januari 2025 wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, waliuawa na radi wakiwa shuleni. Nchi za ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Basi ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu: hizo ndizo kilomita. Zikiwa sekunde thelathini au pungufu, wingu liko ndani ya kilomita kumi, na radi inaweza kukufikia. Toka shambani, ondoka chini ya mti, usisimame katikati ya ng'ombe. Jengo imara lililofungwa ndilo kimbilio, nawe kaa mbali na dirisha, nyaya na mabomba. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Nilimweleza shemeji yote hayo, naye akampigia mama yake Tarime. Mama alisikiliza, akasema kwamba redio ilitaja ngurumo asubuhi, na kwamba muhogo alikwisha uingiza ndani tangu saa saba, alipoona vilima vya mashariki vimeanza kuvaa kofia.