Kozi ya ordinateri: inamsaidia nini mtoto, na inatusaidia nini sisi wamama?



Katika mkutano wa wazazi wa mwanzo wa mwaka huu wa shule, mama mmoja alisimama nyuma kabisa, mtoto mgongoni, akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Alisema: «Mwalimu, kwetu umeme unakuja usiku watu wamelala, na unaenda mbele jogoo hajawika. Ordinateri hatuna. Kwa nini nilipe pesa ya mafuta ya grupe ili binti yangu ajifunze mashine ambayo hataiona nyumbani hata siku moja?» Watu walimpigia makofi.

Mimi ndiye mwalimu wa kozi ile, darasa la saba na la nane, hapa Lubumbashi. Siku ile sikumjibu vizuri. Nilisema maneno ya dunia inayoendelea na programu ya serikali, nikakaa. Leo nataka kumjibu, yeye pamoja na wamama wote wanaosoma gazeti letu.

Kwanza, swali lake ni la haki. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilisema elimu ya msingi ni miaka 8. Kile tulichokuwa tunaita CO, mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari, sasa ni darasa la saba na la nane, na ndani yake kuna kozi ya TIC pamoja na sayansi. Lakini masomo ya bure yaliyoanza mwezi wa tisa 2019 yanaishia darasa la sita. Kuanzia la saba, mzazi analipa. Kila franka ya kozi hii inatoka kwenye makala, nyanya na unga ambavyo mama ameuza juani. Kwa hiyo mwalimu anapaswa kueleza pesa hiyo inafanya kazi gani.

Na mimi, niseme ukweli, miaka ya kwanza niliifundisha vibaya. Pale ISP nilijifunza kutayarisha somo na kusimama mbele ya watoto, lakini ordinateri yenyewe nilikuwa nimeigusa mara chache. Kwa hiyo niliandika ubaoni na watoto wakanakili: hii ni klavie, hii ni ekra, kile kipanya kinaitwa suri. Siku ya mtihani walipata 8 juu ya 10, na wengi hawakuwa wamewahi kubonyeza hata herufi moja. Tulipoingia chumba cha mashine, zilikuwa 6 kwa watoto 58. Vijana wa kiume walikimbia, wakakaa mbele. Wasichana walisimama nyuma na madaftari, wakitazama. Niliona, nikanyamaza.

Msichana mmoja wa darasa la saba ndiye aliyenifungua macho. Alikosa shule wiki tatu. Aliporudi nilimwuliza kama alikuwa mgonjwa. Akasema hapana. Mama yake alikuwa ameshika pesa ya likelemba ndani ya telefone, akingoja kesho yake ampe mwenye zamu. Jioni mtu akapiga simu, sauti nzuri ya heshima, akasema: «Mama, umeshinda zawadi, nitajie namba yako ya siri ili tukuwekee.» Mama akataja. Kufika asubuhi hakukubaki kitu. Ikambidi alipe likelemba ya wenzake kidogo kidogo, na minervali ya mtoto ikakosekana.

Halafu binti yule akaniambia neno ambalo sijalisahau: «Mwalimu, mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama akitaja ile namba. Kama ungekuwa umetufundisha, ningemzuia.»

Nilikuwa nimemfundisha majina ya vipande vya mashine. Hatari iliyokuwa mkononi mwa mama yake sikuwa nimeigusa, kwa kuwa nilidhani si ya kozi.

Tangu siku ile nilibadilisha njia. Wacha niwaeleze tunachofanya sasa, ili mkiulizwa pesa inaenda wapi mjue.

Tunaanza bila mashine. Kila mtoto anachora klavie yake juu ya karatoni, herufi kwa mpangilio uleule wa mashine zetu, ule unaoanza na A, Z, E, R, T, Y. Anazoeza vidole nyumbani, hata kwa mwanga wa koroboi. Siku ya kuingia chumbani hapotezi dakika kumi akitafuta herufi M.

Halafu ninawaambia: mashine haina akili, inafuata amri tu. Andikeni hatua za kupika bukari, na mimi nitafuata kama mashine. Mtoto mmoja aliandika: weka sufuria, mwaga unga, koroga. Nikachukua sufuria tupu, nikamwaga unga, nikakoroga. Darasa lilicheka, lakini somo liliingia. Amri ikikosa hatua moja, kazi yote inaharibika. Kupanga hatua hivyo ndiyo kazi ya mtu anayetengeneza programu.

Tunajifunza pia namna mashine inavyohesabu. Watoto watano wanasimama mbele na vibao: 16, 8, 4, 2 na 1. Aliyesimama anahesabiwa, aliyechuchumaa hahesabiwi. Kwa 13, wanasimama wa 8, wa 4 na wa 1. Kwa watoto watano tu tunafika hadi 31. Ndani ya mashine ni vivyo hivyo, umeme upo au haupo. Na tukifika kwenye betri, ninawauliza kobalti ni nini. Mikono yote inapanda. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi yetu, sehemu kubwa upande wa Kolwezi, na betri nyingi za telefone zina kobalti ndani. Watoto wana wajomba machimboni. Haifai jiwe litoke kwetu, na kuitumia mashine tuwaachie wengine.

Chumbani, wasichana na wavulana wanabadilishana. Kila mmoja ana dakika zake kwenye klavie, na mwenzake anamsomea bila kumshika mkono. Mwanzoni wavulana walinung'unika. Sasa wamezoea.

Kazi ninayoipenda zaidi ni hesabu ya biashara ya nyumbani. Mtoto anamwuliza mama, halafu anapanga ndani ya mistari na safu, na mashine inajumlisha. Mfano mmoja: gunia la makala 45 000, usafiri 5 000, jumla 50 000. Yanatoka mafungu 70 ya franka 1 000, ni 70 000. Kwa hiyo faida ni 20 000? Mama alikuwa anashangaa pesa hiyo haionekani. Mtoto aliandika yote: mafungu 9 tulipikia nyumbani, 6 jirani alichukua kwa deni. Yaliyouzwa kwa pesa mkononi ni 55. Kilichobaki juu ya mtaji ni 5 000 tu. Mama yule alikuja shuleni akaniambia: «Kumbe sikuibiwa. Niliyala.» Hesabu hiyo unaweza kuifanya hata juu ya daftari, ukichora mistari ileile. Mashine inaongeza haraka tu.

Na kila muhula sasa nina somo la usalama. Ninaliandika hapa kwa ajili yetu sote:

Namba ya siri ya pesa ya telefone ni kama ufunguo wa nyumba. Mfanyakazi wa kweli wa kampuni hahitaji kukuuliza. Anayeiuliza, hata akijua jina lako, kata simu.

Mtu akisema amekutumia pesa kwa makosa na anaomba umrudishie, usiamini ujumbe peke yake, kwa sababu ujumbe unaweza kutungwa. Angalia wewe mwenyewe ni kiasi gani kimebaki kwenye akaunti.

Namba fupi inayofika kwa SMS unapofungua WhatsApp usimpe mtu, hata akijifanya dada wa kanisani. Ukimpa, anaingia mahali pako na kuanza kuomba pesa kwa jina lako.

Na kwa mabinti: picha ikiondoka kwenye telefone yako, hairudi. Mtu mzima asiyejulikana akimwandikia mtoto na kumwomba asimwambie mama, ndiyo alama ya hatari. Hapa nawaomba, wamama: mtoto akija kukuonyesha ujumbe wa namna hiyo, usianze na fimbo. Ukimpiga leo, kesho ataficha. Mshukuru kwanza, usifute ujumbe, tafuteni msaada pamoja. Tangu mwezi wa tatu 2023 nchi yetu ina Code du numérique, sheria inayoadhibu pia makosa yanayofanywa kwa njia hizi. Ujumbe uliohifadhiwa ndio ushahidi wako.

Sasa nirudi kwa mama yule wa mkutano. Mama, huenda ordinateri hutakuwa nayo nyumbani mwaka huu. Lakini mashine tayari imeingia nyumbani mwako, ni ile telefone ndogo uliyofunga ndani ya kitenge, na ndani yake kuna pesa yako. Binti yako akimaliza darasa la nane atafanya mtihani wa TENASOSP na kuchagua njia: sayansi, biashara, ualimu, ufundi. Nataka achague akijua kwamba mashine hii hata yeye anaiweza, asiache njia fulani kwa kuogopa kifaa ambacho kaka zake walikishika mbele yake.

Katika mkutano uliofuata tulizungumza tena. Pesa ya mafuta haikufutwa, lakini wazazi walikubaliana ilipwe kwa vipande vitatu, na mtoto asifukuzwe kwenye kozi kwa sababu yake. Mimi nami nilikubali kila mwisho wa muhula kueleza mafuta yalitumikaje. Naona ni haki.

Na yule binti? Pesa ya mama yake haikurudi. Wenzake wa likelemba walimpa muda, akamaliza kulipa. Sasa kila wanapokutana, binti anakaa kwenye mkeka na daftari lenye mistari, anaandika nani ametoa na nani bado. Mbele ya kuachana anawauliza wamama wote: «Namba ya siri tunampa nani?»

Nao wanajibu kwa sauti moja: «Hakuna!»

Tufundishe vivyo hivyo katika vikundi vyetu, wamama. Haihitaji umeme.