Kitako cha Bunduki

Mti wa mninga humea katika mapori ya Handeni, nao hufaa kwa kitako cha bunduki. Lakini mti usiotiwa mafuta hunywa unyevu. Ukichukuliwa kutoka ukavu wa Handeni mpaka Korogwe, kando ya mto Pangani, huvimba. Ukirudi hukauka, na mwisho huweza kupasuka.

Kwanza fundi huhakikisha kwamba bunduki haina risasi, kisha huondoa chuma chote. Husugua mti kwa msasa mkali, halafu kwa msasa laini, akifuata nyuzi zake. Zamani watu walisugulia majani ya mti uitwao msasa, na karatasi hiyo ikarithi jina lake. Kisha hupangusa kwa kitambaa chenye maji. Maji huinua vinyweleo vya mti, navyo vikikauka huvisugua tena.

Ndipo hupaka mafuta ya kitani, kidogo sana, na kufuta yaliyozidi. Mafuta haya huvuta hewa na kuwa magumu. Mafuta ya nazi hayawi hivyo. Hungoja yakauke kabla ya kupaka tena.

Lakini hapa pana hatari. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Matambara yaliyolowa yakirundikwa pamoja, joto hukosa njia, huzidi, na matambara huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti, yakateketeza nyumba. Kwa hiyo fundi mwangalifu hutandaza kila tambara peke yake, nje, mpaka likauke kabisa.